Kamera ya Watoto Nyumbani

Mwaka 2013 kituo cha umeme wa maji kilifunguliwa Mutwanga, na taa zikawaka majumbani. Lakini taa moja haitoshi kumpiga picha mtoto asiyetulia: sura yake hutoka na ukungu. Basi, mnunuapo kamera ya dijitali, msidanganywe na wingi wa megapikseli. Someni namba ya lenzi: f/1.8 hupokea mwanga karibu mara nne ya ule wa f/3.5. Mketisheni mtoto karibu na dirisha, mwizime taa ya kamera, mpige kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Fedha hurudi kwa kazi. Uso wa mtoto wa mwaka huu haurudi.