Kompyuta Kuukuu Si Takataka

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Maana ya methali hii inaonekana wazi katika stoo ya shule yetu, ambamo kompyuta 10 zimelala zikila vumbi. Kila mtu husema, "Hizo zimekwisha, tungoje mpya." Mimi nasema hapana, na naomba mnisikilize kabla hamjaanza kunipigia miluzi.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunatoka Kibera na Kawangware. Je, nani kwao hutupa redio kwa sababu imenyamaza? Hupelekwa kwa fundi. Pasi, jiko, simu, hata mwavuli, vyote hutengenezwa. Mbona tukifika kwa kompyuta tunajifanya mabwanyenye?

Hebu mwulize fundi yeyote mwenye kibanda Kawangware ama kule Makina. Atakwambia kompyuta nyingi zinazoitwa maiti bado zinapumua. Ikisahau saa na tarehe kila ikizimwa, mara nyingi ni ile betri ndogo kama sarafu, ya volti 3, iliyokwisha nguvu. Ikilia pii-pii bila kuonyesha kitu, huenda memori imeshika uchafu. Fundi huichomoa, akaisugua kwa raba kama hii yetu ya kufutia penseli, akairudisha. Kapasita ikifura, huing'oa na kuchomea nyingine. Spea hutoka kwa mashine isiyofaa tena, hivyo mbovu 2 huweza kuzaa nzima 1.

Najua wapinzani wangu watateta, "Ati na programu zilizopitwa na wakati je?" Hapo wana haki. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Kuziingiza mtandaoni bila kinga ni hatari. Lakini ipo Linux, ambayo hailipiwi, na kuna aina zake nyepesi zinazoendelea kupata kinga mpya. Tena, kujifunza kupiga taipu au kuandika programu fupi hakuhitaji mtandao wala mashine ya mwaka huu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, limezipa shule maelfu ya kompyuta zilizotumika kisha zikakarabatiwa. Sisi ni akina nani tuzidharau?

Isitoshe, kinachotupwa hakipotei. Skrini nene za zamani zina madini ya risasi kwenye kioo. Nyaya zikichomwa jalalani ili shaba ipatikane, moshi wenye sumu huvutwa na watoto wa maskini, si wa matajiri. Mashine iliyoshindikana kabisa ipelekwe kwa wanaojua kuifungua salama, kama WEEE Centre hapa Nairobi.

Ombi langu kwa walimu wetu wapendwa ni hili: kabla ya kununua hata 1 mpya, aitwe fundi wa mtaani azikague zote 10, na alipwe haki yake, kwani ujuzi si sadaka. Wanafunzi 2 wa kila darasa wakae kando yake Jumamosi, washike bisibisi na kujifunza. Hata zikipona 4 tu, shule itakuwa imepata kompyuta 4 na mafundi wake yenyewe. Mpya zitakapokuja, nazo zitazeeka, na hapo tutajua la kufanya.