Sumaku Inayokwama: Swali Tunalolipita Darasani

Katika mazoezi ya kufundisha tumezoea kuona somo la sumaku likimalizika kwa dakika ishirini. Mwanachuo huandika ubaoni kwamba ncha zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana, wanafunzi hunakili, basi. Safari moja tuliketi nyuma ya darasa ambamo mtoto alikuwa akiburuta sumaku juu ya misumari iliyopangwa mezani. Akauliza kwa nini sumaku inakwama, kisha inaruka. Mwanachuo akamjibu, "Shika vizuri." Hatukuwa na haki ya kumlaumu, kwani sisi tuliomfundisha hatukuwahi kumweleza kwamba hilo ni swali la maana.

Ni swali linalowashughulisha wahandisi mpaka leo. Mota ya feni huzunguka. Lakini tukiifikiria imepasuliwa upande mmoja na kukunjuliwa kama mkeka, tutapata mota inayokwenda kwa mstari ulionyooka. Mota za namna hiyo huendesha baadhi ya mashine za kukatia vyuma na za kutengenezea vifaa vya elektroniki, ambamo kosa dogo kuliko milimita huharibu kazi. Upande mmoja una safu ya sumaku za kudumu; wa pili una chuma chenye meno, na waya wa shaba umezungushwa katika nafasi zilizo kati ya meno hayo. Hata umeme usipopita, sumaku huvutwa na jino lililo karibu. Ikisukumwa hung'ang'ania hapo, kisha huachia ghafla na kuvutwa na jino la mbele. Mwendo huwa wa kushtukashtuka. Sumaku kali za neodimiamu, zilizopatikana katika miaka ya 1980, ziliongeza nguvu ya mota, na taabu hii pia.

Dawa yake yaweza kuonekana juu ya meza ya darasa. Laza misumari minene ya inchi 4 sambamba juu ya ubao, kila mmoja sentimita 2 kutoka kwa mwenziwe; ibandike kwa gundi na kuifunika kwa kadi. Chukua sumaku mbili ndogo kutoka katika spika mbovu, uzigandishe chini ya rula kwa umbali wa sentimita 4. Buruta rula kukatisha misumari. Mkono utashtuka kila sentimita 2, kwa kuwa sumaku zote mbili hufika juu ya misumari kwa wakati mmoja. Sasa fanya umbali uwe sentimita 5. Moja ikiwa juu ya msumari, ya pili imo katikati ya misumari miwili. Na moja ikivutwa nyuma, nyingine huvutwa mbele. Mishtuko haiishi kabisa, ila hupungua sana.

Wahandisi nao hupanga sumaku mshazari, au huzigawa mafungu na kulisogeza kila fungu kidogo. Hupoteza sehemu ya nguvu ya kusukuma kwa kufanya hivyo. Wengine huondoa kabisa chuma chenye meno: mwendo huwa laini, lakini nguvu hupungua zaidi. Tena chuma cha mota iliyonyooka kina miisho miwili, ambayo ile ya mviringo haina, na miisho hiyo nayo huvutwa. Hivyo urefu na umbo lake havina budi kuchaguliwa kwa makini.

Baadhi ya wenzetu husema haya ni makubwa mno kwa Darasa la Tano. Tunakubali kuhusu mota. Hakuna haja ya kuitaja. Lakini mwalimu asiyejua swali linaelekea wapi hulizima, akidhani ni utundu. Jambo tunalolidai ni kwamba mwanachuo ajue zaidi ya anachofundisha, na majaribio haya ayafanye kwa mkono wake kabla ya kuingia darasani.

Sumaku zihesabiwe zinapotolewa na zinaporudishwa, kwa maana mtoto akimeza mbili zaweza kuvutana ndani ya matumbo na kumwumiza vibaya. Na ile sentimita 5 isitajwe mapema. Watoto wasogeze sumaku wenyewe, wapime, waandike. Kundi moja litaleta 3, jingine 7; yote mawili ni sahihi, na hapo ndipo mwalimu aulize kwa nini 6 haikufaa.