Uchochoro wa Majengo Umesahaulika na Nani?

Wasee, najikosoa mwenyewe kabla hamjanianika kwenye komenti. Wiki jana niliingia Majengo hapa Meru, simu mkononi, nikajipenyeza kwenye kichochoro kati ya nyumba za mabati na kuanza kurekodi kwa ile sauti yetu ya kunong'ona: "Huu ndio uchochoro wa kale uliosahaulika..."

Nyanya mmoja aliyekuwa anaanika nguo akanitazama juu hadi chini. "Umesahaulika na nani, mjukuu wangu? Mimi napita hapa kila siku."

Klipu nilifuta. Swali ndilo limenikwama.

Tuseme ukweli. Tunapanda basi usiku kucha tukapige picha milango ya Lamu kwa sababu UNESCO iliuweka mji ule kwenye orodha yake 2001. Sawa, Lamu ni moto. Lakini Majengo za huku bara tunazikumbuka lini? Kukiwa na msako wa polisi. Na si Meru tu. Embu pia kuna Majengo, na mji wenyewe wa Embu ulianza 1906 kama kambi ya wanajeshi wa Waingereza. Unadhani kambi ilijiendesha? Kulikuwa na askari weusi, wapagazi, wapishi, wafanyabiashara Waswahili. Miji mingi ya Kenya iliwatengea watu wa aina hiyo kiwanja kando, wakajenga nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Kiswahili unachoongea kwenye matatu ya Makutano hakikuteremka kutoka Mlima Kenya, buda. Kilipitia kwenye hizo korido.

Sasa nitazame Makumbusho ya Meru. Jumba lile la mawe la 1916 lilikuwa ofisi ya DC. Limetunzwa, wanafunzi wanapelekwa, poa sana. Kwa hivyo ofisi ya mkoloni ni historia, lakini kwa mpishi wake ni "mtaa duni"? Hapo ndipo napandwa na hasira.

Na sisi wa kontenti tunachochea. Ukishatangaza kwamba mahali pamesahaulika, umemfanyia kazi nusu mwenye tingatinga. Ghorofa itasimama na hakuna atakayelia, maana ulishasema hapana mwenyewe.

Msiniambie hilo ni jukumu la Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni. MCA anayetaka kura za vijana aanze na kibao kimoja tu pale kichochoroni, chenye majina ya waliojenga.

Majina yapo. Nyanya alinitajia sita bila kushusha beseni. Jumamosi narudi na daftari, bila simu kwanza. Amesema nisije mikono mitupu, nibebe sukari.