Mtoto wa Jirani Naye Apande Gari

Wazazi wanaoazimu kuwapeleka watoto wao kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, karibu na Malindi, siku ya mapumziko, aghalabu huwasahau masahibu wa watoto hao, ilhali ndio waitiao safari ladha. Kwani mtoto aliye peke yake mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, hulitupia jicho mara moja akaomba maji, bali akiwa na mwenzake watashindana kuitafuta tarehe ile, kisha wataulizana visima virefu vile vilichimbwaje, na ni nani waliolala katika jumba lile la mawe ambalo leo tumbili hupita juu ya kuta zake.

Lakini mtoto wa mwenzio ni amana. Idhini na iombwe kwa mzazi wake uso kwa uso, si kwa kumtuma mtoto, naye aulizwe kama kuna chakula kinachomdhuru. Aliyealika ndiye alipaye kiingilio, wala haifai hata kidogo kumwacha mgeni mdogo akihesabu senti zake mlangoni hali wenziwe wameshaingia. Mahamri na viazi karai vigawanywe sawasawa, na akikosea aonywe kwa sauti ile ile aonywayo wa nyumbani. Kisha arudishwe kwao kabla ya magharibi, akabidhiwe wazazi wake mkononi.