Tusiudharau Ushujaa wa Tero Buru

Pale Sindo, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako Wasuba wengi leo husema Kijaluo, mzee wa heshima akifariki hasindikizwi kwa machozi matupu. Wanaume huswaga ng'ombe hadi nyikani, mikononi wana mikuki, ngao na marungu. Huko hupigana na Kifo, adui asiyeonekana, ili wamfukuze mbali na boma. Kisha hurejea mbio, ng'ombe wakitimua vumbi, pembe zikilia, wanawake wakipiga vigelegele. Hiyo ndiyo tero buru.

Wako wanaoiita fujo ya washamba, na wako wanaosema haimfai mtu wa dini. Nawasihi watazame tena. Mkimbiaji yumo katikati ya fahali walioshtuka, akiteleza atakanyagwa. Mkuki huinuliwa kwa ghadhabu mbele ya umati, na sharti usimguse mtu. Hilo halifanywi na mlevi wala mzembe. Lataka jicho kali, miguu myepesi na moyo uliotulia. Uzuri wake unatoka hapo: hatari ni ya kweli, na binadamu ameimudu mbele ya macho ya wenzake.

Tarehe 7 Agosti 1974, Mfaransa Philippe Petit alitembea juu ya waya kati ya minara miwili mirefu ya New York, kiasi cha mita 400 kutoka ardhini. Wapita njia walisimama wakashangaa. Polisi walimkamata, lakini sifa zake zinavuma hadi leo. Ikiwa twamsifu yeye aliyekikabili kifo peke yake, mbona tuwaonee haya baba zetu wanaokikabili pamoja, kwa heshima ya marehemu wao?

Sikatai kwamba matanga ya siku nyingi yamefilisi nyumba nyingi, na kuchinja mifugo ya mjane na yatima ni dhuluma. Hayo yakomeshwe. Lakini kukimbiza ng'ombe si kuwachinja, na ujasiri haumfilisi mtu.

Basi, vijana, jifunzeni kwa wazee wangali hai. Walimu, Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927. Wafundisheni watoto tero buru kwa ajili ya jukwaa hilo, pamoja na maana yake. Nanyi watazamaji, tieni simu mfukoni, mtazame kwa macho yenu wenyewe. Mcheza kwao hutuzwa. Tusiwanyime wetu tuzo yao.