Ukoo Mzima Kuhukumiwa

Chai ya Kericho na Bomet twainywa kila alfajiri, bali kisa cha nchi ile, tokea Kericho hadi Ndanai, wachache wetu twakijua. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwahamisha malaiboni wa Kipsigis. Mamia ya watu wa ukoo wa Talai, waume, wake na watoto wachanga, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Mtoto alikuwa na kosa gani? Ukoo wenyewe ndio uliokuwa kosa. Na hao ndio waliojisifu kwao London kwamba hapana afungwaye bila ya hakimu!

Desemba 2014 Kenya nayo, kwa jina la usalama, ilipitisha sheria kali. Februari 2015 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu 8. Watalai hawakupata mlango huo.

Basi kina mama, kijana akichukuliwa usiku, ulizeni kituo anachopelekwa, muandike na saa. Katiba, ibara ya 49, yataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama ifuatayo.