Daftari la Wiki: Lori, Boila na Jirani Aliyekunja Gazeti

Ukitaka kuwagombanisha wasomaji wa Stephen King, waulize ni kitabu chake kipi kiliwanyima usingizi, kisha kaa pembeni. Wiki hii ubishi huo ulizuka kwenye meza ya vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, nami sikuwa na haraka. Mama mmoja wa watoto wadogo alisema *Pet Sematary* ilimshinda katikati, akairudisha kabatini. Mwalimu mstaafu akashikilia *The Shining*. Kijana mwenye meza alikuwa upande wa *Cujo*: mama na mwanawe wamenasa ndani ya gari bovu, jua kali, na nje kuna mbwa mwenye kichaa.

"Gari bovu nalijua, mzee wangu," aliniambia. "Mbwa ni nyongeza tu."

Hakuna aliyetaja zimwi. Kila mmoja alitaja jambo ambalo lingeweza kumkuta akirudi nyumbani jioni ile ile.

* * *

Yule mama ana sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 King alikwenda kufundisha kwa mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Maine, akapanga nyumba Orrington, kando ya barabara iliyopitwa na malori yaendayo mbio. Wanyama wa nyumbani waligongwa mara kwa mara, hata watoto wa mtaa wakawa na makaburi yao ya mbwa na paka. Paka wa binti yake naye akagongwa, akazikwa humo. Kisha mwanawe mdogo wa kiume, ndiyo kwanza miguu imekaza, akatimka kuelekea barabarani. Akadakwa kabla hajafika.

Riwaya ya *Pet Sematary* imejengwa juu ya swali moja: na kama asingedakwa? King alipoimaliza aliiona nzito mno, akaiweka kando. Ilitoka mwaka 1983 kwa kuwa alikuwa bado anadaiwa kitabu na mchapishaji wake wa zamani. Ndani yake wafu wanafufuka, lakini kinachomkaba msomaji kinatokea kabla ya hapo: baba anakimbia kwa nguvu zake zote na hafiki.

* * *

Kuhusu *The Shining* ugomvi hauishi, kwa sababu ya filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980. Wapenzi wa sinema huiona kazi bora, King hakuipenda. Mimi niko na mwalimu mstaafu, na hoja yetu ni boila.

Katika riwaya ya 1977, Jack Torrance ni mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kumpiga mwanafunzi, mlevi anayejitahidi kuacha, na ulinzi wa hoteli iliyofungwa kipindi cha baridi ndiyo nafasi yake ya mwisho. Chini ya hoteli kuna boila la zamani ambalo presha yake hupanda yenyewe. Lazima mtu ashuke kuipunguza, la sivyo litalipuka. Tunaambiwa mapema kabisa. Halafu yanakuja mambo ya chumba namba 217, mizimu ya wageni wa zamani, sherehe zisizoonekana, na msomaji anasahau boila kama Jack anavyolisahau. Filamu inaishia kwenye barafu. Riwaya inaishia kwenye moto, na ule moto tuliuona ukija.

* * *

Alipoandika *Carrie* King naye alikuwa mwalimu wa sekondari, anaishi na mkewe na watoto katika nyumba ya trela, simu imekatwa kwa kukosa malipo. Kurasa za mwanzo alizitupa kwenye pipa la taka. Tabitha, mkewe, akaziokota, akazisoma, akamwambia aendelee. Kitabu kilitoka mwaka 1974, na haki za toleo la jalada jepesi ziliuzwa kwa dola 400,000, nusu yake ikiwa ya mwandishi. Siku aliyopata habari hizo alitoka kumtafutia mkewe zawadi. Ilikuwa Jumapili, maduka mengi yamefungwa. Alirudi na mashine ya kukaushia nywele.

Si ajabu kwamba kwenye vitabu vyake kodi ya nyumba na mshahara usiotosha huingia mlangoni kabla ya shetani.

* * *

Msomaji wa pwani akimsoma King hufika mahali akauliza: hawa watu ndugu zao wako wapi? Mnyonya damu si mgeni kwetu. Wakati wa ukoloni Afrika Mashariki iliogopa mumiani, na Nairobi na Kampala wapo walioapa kwamba wazimamoto ndio waliokamata watu usiku na kuwatoa damu. Lakini katika *'Salem's Lot*, riwaya ya 1975, mji mzima unaliwa nyumba baada ya nyumba, kila mtu nyuma ya mlango wake, na asubuhi hakuna anayebisha hodi kuuliza mwenzake kaamkaje.

Linganisha na Popobawa, zimwi linalosemwa kuwashambulia watu usiku vitandani. Taharuki ya mwaka 1995 ilipoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walitoka vyumbani, wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa. Aliyeshambuliwa alitakiwa kutangaza, maana ilisemwa kwamba anayenyamaza hurudiwa. Kwa King ni kinyume: anayetangaza huonekana kichaa, kwa hiyo wanaojua hunyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kunakowamaliza.

Sisemi umati ni dawa. Uvumi wa namna hiyo umewahi kuishia kwa watu wasio na hatia kupigwa. Ila ulinganisho huo unaonyesha wapi King anapobonyeza. Katika *It*, ya mwaka 1986, kila shabiki anamkumbuka chale Pennywise aliye mferejini. Mimi namkumbuka jirani. Beverly, msichana mdogo, anafukuzwa na wahuni barabarani. Mwanaume mmoja ameketi nje ya nyumba yake na gazeti. Anaona kila kitu. Anasimama, analikunja gazeti, anaingia ndani. Hana meno marefu wala kucha, na chale asingedumu katika mji huo bila watu kama yeye.

* * *

Jambo moja linalowapatanisha mashabiki ni kulalamikia miisho. Mwamba huyu anakubeba kurasa elfu moja, wanasema, halafu anakushusha kituo siyo. Mwenyewe analijua. Katika filamu ya *It* sehemu ya pili, ya mwaka 2019, ametokea kama mzee muuza vitu vya mtumba. Mhusika ambaye ni mwandishi anakuja kununua baiskeli, anataka kumsainia kitabu; mzee anakataa, mwisho haukumpendeza. Ndivyo anavyojibu wanaomkosoa: anaungana nao kisha anawapandishia bei ya baiskeli.

* * *

Kwa mashabiki wenyewe ameandika kitabu kizima, na si cha kuwasifu. *Misery*, ya mwaka 1987, ni ya mwandishi aliyevunjika miguu katika ajali, akaangukia mikononi mwa msomaji wake mpenzi, Annie Wilkes, aliyewahi kuwa muuguzi. Annie anagundua kwamba mhusika anayempenda ameuawa kitabuni, na anataka afufuliwe. Anamletea taipureta isiyo na herufi "n". Mwandishi anapiga chapa hadithi, kisha kila "n" inajazwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Shoka linakuja baadaye. Mimi nilitetemeka kwenye hizo "n", kwa kuwa nawajua wahariri wa aina hiyo.

* * *

Kwa anayeanza, maana nimeulizwa. Mwenye muda mchache achukue *Night Shift*, mkusanyiko wa hadithi fupi wa mwaka 1978. Mwenye watoto wadogo aiache *Pet Sematary* mpaka wawe wakubwa. *It* ina zaidi ya kurasa 1,100, haifai kuanzwa wiki ya mitihani. Na anayeishi peke yake, hasa maeneo ya umeme wa kukatikakatika, *The Shining* aisome mchana, barazani, majirani wakiwa wanapita na kumsalimia.